Mkono wa Ndani

Siku mliponiaga pale ofisini kwa soda na keki, mlitaka nihutubu. Nilisema asanteni, Mungu awabariki, nikaketi. Wengine mlidhani nimezidiwa na machozi. Ukweli ni kwamba mlikuwa mmenizawadia blanketi zito, mkataka niliinue juu ili wote walione, na baada ya hapo bega langu la kushoto halikuniachia nguvu ya hotuba. Sasa niko nyumbani, viazi vimepaliliwa, mvua inanyesha, nami nitawaandikia nilichotaka kusema.

Habari za vyeo na mishahara nitaziruka. Katika kazi yetu anayepandishwa ni ng'ombe.

Kwa mgeni atakayeokota karatasi hizi: nilikuwa mpandishaji. Ng'ombe wa mkulima akiingia joto, yaani akihitaji dume, mimi ndiye niliyekuja na mbegu ya fahali ndani ya mrija, badala ya fahali mwenyewe. Huku Dundori hutuita watu wa AI, kifupi cha Kiingereza cha kazi hiyo, ingawa siku hizi wajukuu wangu wakisikia neno hilo wanafikiri nyanya yao alikuwa fundi wa kompyuta. Wakulima wengi walinifupishia wakaniita daktari. Nilikanusha mpaka nikachoka.

Siku yangu ya kwanza nilipewa Mzee Gathogo anifundishe. Alikuwa mtu mfupi, mwenye kofia ya sufi na sauti ya kukwaruza, na aliniangalia mikono kabla hajaniangalia uso.

"Kata hizo kucha," akasema. "Na pete uwache nyumbani, ama ng'ombe itaolewa nayo. Sasa chagua mkono."

Sikuelewa. Akanieleza akiwa anatembea, maana hakuwahi kueleza kitu akiwa amesimama. Katika kazi hii mkono mmoja huingia ndani ya ng'ombe kwa nyuma, hadi begani ikibidi, ukashike mlango wa kizazi kupitia ukuta wa utumbo. Mkono mwingine hubaki nje na bunduki, yaani kile chuma chembamba kinachobeba mrija. Wa ndani hushika, wa nje hulenga. "Ukishachagua wa ndani, ni huo mpaka ustaafu," akasema. "Hakuna mtu hufundisha mikono miwili. Maisha ni mafupi." Yeye alikuwa wa kushoto. Nami nikachagua wa kushoto, kwa kuwa wa kulia nilikuwa nauhitaji kwa kuandika na kusalimia watu.

Ng'ombe wa kwanza alikuwa mweusi, mkubwa, na hakupendezwa nami. Niliingiza mkono mpaka kiwiko, jasho likinitiririka.

"Umepata nini?" akauliza Gathogo.

"Mavi."

"Hiyo hata mimi naiona nikiwa hapa. Enda mbele. Na uwache kuangalia matako ya ng'ombe, macho haina kazi hapo. Angalia Menengai."

Nikainua macho nikaangalia mlima Menengai kule ng'ambo, na ndipo vidole vikaanza kuona. Kitu kigumu kidogo, kama shingo ya kuku aliyenyonyolewa, kikateleza chini ya kiganja changu. Nikakishika. Sijui kama nimewahi kufurahi vile tena kazini. Gathogo alisema tu, "Haya, usiinyonge."

Alikuwa na desturi moja ambayo lazima niwaambie, kwa sababu ndiyo iliyonifanya niandike. Akishamaliza kazi na kunawa, Gathogo alichomeka kidole gumba cha mkono wa kushoto kwenye mshipi wa suruali, akasimama hivyo huku anaongea na mkulima na kunywa chai kwa mkono wa kulia. Alipendeza. Alionekana mtu aliyemaliza kazi na asiye na deni na mtu yeyote. Sisi wanafunzi wake tulimwiga sote, na hata sokoni ungemtambua mtu wa Gathogo kwa kidole gumba mshipini. Mimi nilikuwa navaa sketi, nikaenda kununua mshipi wa kiume kwa ajili hiyo tu.

Vifaa vyetu mnavijua: mtungi wa nitrojeni ya kugandishia mbegu, uliofungwa nyuma ya pikipiki kama abiria mnene, glavu ndefu, sabuni, chupa ya maji ya moto ya kuyeyushia mrija. Kitu ambacho hakikuwa chetu, bali tulikitegemea kuliko vyote, ni mbao za kumbana ng'ombe asigeuke wala kuketi. Mkulima mwenye mbao hizo muombeeni uhai mrefu. Asiye nazo atakwambia, "Huyu wangu ni mpole sana, Daktari." Kila ng'ombe aliyewahi kuniumiza alikuwa mpole sana.

Aliyenivunja bega alifungwa kwenye nguzo ya ua, mchana wa mvua kama huu. Mkono ulikuwa ndani wote alipoamua kuketi. Ng'ombe akiketi na mkono wako uko ndani, una njia mbili: uketi naye, au yeye aende chini na bega lako libaki juu. Mimi nilichelewa kuamua. Nilisikia mlio ndani ya bega, mdogo, kama kijiti kikavu chini ya gambuti, kisha nikajikuta kwenye matope nikitazama mawingu. Mwenye ng'ombe alikuja mbio, akainama juu yangu, akauliza, "Imeshika mimba?"

Nilimwonyesha Gathogo bega siku iliyofuata. Alilibonyeza kwa kidole, akaniona nikijikunja. "Ni kawaida tu," akasema. "Hilo ni bega la kazi." Akanipa mkebe wa mafuta ya kukamulia nijipake. Basi kwa miaka mingi nilinukia kama chuchu za ng'ombe, nikawaambia wote walioniuliza kwamba ni kawaida tu.

Lakini bega halikukubali kuwa la kawaida. Kwanza nilishindwa kuanika nguo kwenye kamba. Kisha kuchana nywele nyuma ya kichwa, ikawa binti yangu ananichana kama mtoto. Kanisani, wakati wa kusifu, wenzangu waliinua mikono miwili nami nikainua mmoja, na nafikiri mchungaji aliona imani yangu imefika nusu. Kazini nilisaga meno. Hatimaye siku moja, nyumbani kwa mteja wangu wa zamani, mkono ukiwa ndani, vidole vilifunguka vyenyewe. Nilikuwa nimeshika vizuri, kisha sikuwa nimeshika kitu. Nikajaribu tena, vikafunguka tena. Nikamwambia mkulima yule kwamba joto la ng'ombe wake limepita, nikaenda nyuma ya pikipiki nikalia. Sikuwa na kazi nyingine duniani. Kila nilichokijua kilikuwa kwenye ule mkono.

Ndivyo nilivyofika kwa daktari wa mifupa, Nakuru mjini. Alikuwa mama kijana mwenye sauti ya chini, na alitaka kujua kazi yangu. Nilipomweleza alivua miwani.

"Unaingiza mpaka wapi?"

Nikamwonyesha.

"Na ng'ombe ikikaa?"

"Ndiyo maana niko hapa."

Alinipaka jeli ya baridi begani akapitisha kifaa cha skani, na nikacheka, maana ile mashine niliijua: ni ndugu wa ile tunayopimia mimba za ng'ombe. Nikamuuliza kama ni dume au jike. Hakucheka. Akanionyesha kwenye kioo utepe mweupe uliochakaa ukingoni. Hiyo ni kano, akasema, inayoinua mkono wako, imesuguliwa na mfupa kila siku kwa miaka, na imevimba. Angeweka dawa ya kupunguza uvimbe hapo hapo kwa sindano, pamoja na ganzi.

Sasa, wenzangu, mimi nimedunga ng'ombe wasiohesabika. Nimewadunga shingoni, kwenye paja, nikiimba. Nilipoona ile sindano, nyembamba na ndefu, nilitaka kutoka kwa dirisha. Mganga hajigangi, lakini hakuna aliyeniambia kwamba mganga pia huogopa kuliko mgonjwa. Nikatafuta mahali pa kutazama, nikakuta kalenda ya ukutani, nikaikazia macho. Ngozi iliuma kidogo. Kisha kikaja kitu kizito, cha kujaza, kama mtu anapuliza mpira ndani ya bega, na daktari anasema, "Usisonge, mama. Usisonge. Tumefika." Na maumivu, yaliyokaa nami miaka yote hiyo, yakawa hayapo.

Niliinua mkono. Ulipanda mpaka juu ya kichwa. Nilijishika kisogo nikalia mbele yake bila haya.

"Hiyo ni ganzi," akasema. "Leo utajisikia umepona. Hujapona. Mkono upumzike, na usiingize kwa ng'ombe mpaka nikuruhusu."

Nikamwambia ndiyo, nikawa nasema kweli. Lakini sikuwa nimefika stendi simu ikalia, ng'ombe ana joto, na joto halingoji mtu. Kisha ya pili. Jioni ile nilipandisha ng'ombe watatu, mkono ukiteleza kama wa msichana, na nikaona yule daktari mdogo ana woga mwingi. Kwa miaka yote niliwaambia wakulima: nikimdunga ng'ombe mguu dawa ya maumivu, mfungeni, asitembee, kwa sababu hasikii anapojiumiza. Hili nililisema kila wiki. Haikunijia akilini hata kidogo kwamba mimi pia nina mguu.

Asubuhi sikuweza kuinua kikombe. Mama Wairimu, mwenye yule ng'ombe wa tatu, ambaye pia ni mwenzangu wa kwaya, alikuja kuniona na uji. Nilipomsimulia alicheka mpaka akaweka chupa chini. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," akasema. "Na wewe ulikuwa ufungwe kwa nguzo."

Sindano ya pili, baada ya miezi kadhaa, niliiheshimu. Nilipumzika. Nilifanya mazoezi niliyofundishwa: kutembeza vidole ukutani kama buibui, kuning'iniza mkono na kuuzungusha, kuvuta mpira. Wa hospitali ulikatika, nikakata tyubu ya pikipiki, ukawa bora. Nilipata msimu mzima mwema.

Na ni katika zile ziara ambapo daktari aliniuliza kitu kimoja. "Ukiwa umesimama tu, mkono unauweka wapi ndio usiume?" Sikufikiri. Nilichomeka kidole gumba kwenye mshipi. Akaitikia kwa kichwa, akasema wengi hufanya hivyo bila kujua, mkono ukishikiliwa hivyo uzito wake unatoka begani.

Nilikaa kwenye kile kiti, kidole kikiwa bado mshipini. Gathogo alikuwa ameshazikwa zamani, kule Bahati. Nilimwona amesimama kwenye kila boma la Dundori, chai mkononi, kidole mshipini, na sisi vijana tumejipanga nyuma yake tumesimama vile vile. Mzee alikuwa anaumwa. Alikuwa anaumwa kila siku, na sisi tukaiga maumivu yake tukidhani ni maringo. Nilimwonea huruma, kisha nikamkasirikia, kisha huruma ikarudi.

Msimu mwema ukaisha. Nilipoenda kwa sindano ya tatu, Kibet ndiye aliyenipeleka kwa pikipiki. Huyu wengi wenu mnamjua: kijana wa Njoro, ana mke na mtoto, huniita Mathe, yaani mama kwa Sheng, na alikuwa amefanya kazi Ndabibi kabla ya kuletwa kwetu achukue nafasi yangu nitakapostaafu. Aliingia nami ndani kwa sababu nilimwomba anishike mkono ule mwingine. Sioni aibu kulisema.

Daktari alitazama skani kwa muda mrefu kuliko siku zote. Akasema kano imebaki nyembamba. Akasema dawa hii yenyewe, ikirudiwa sana, hulegeza kano, kwa hiyo hii ndiyo ya mwisho. "Ukiivuta kwa nguvu ikiwa hivi, itakatika. Ikikatika, mama, hutainua huo mkono tena. Hata kujichana." Akanitundika mkono shingoni kwa leso yangu mwenyewe, akanitazama usoni, akasema tena ili aone kama nimesikia. Nilikuwa nimesikia. Kibet pia.

Wiki iliyofuata, mchana, Mama Wairimu akapiga simu. Sauti haikuwa yake ya kwaya. Mtamba wake, Sukari, alikuwa anazaa mara ya kwanza, amesukuma tangu asubuhi, na kilichotoka ni miguu tu. Sukari nilimpandisha mimi, fahali nilimchagua mimi. Nilimwita Kibet, nikamwambia nakwenda kuangalia tu.

Tulimkuta amefungwa chini ya mabati, mvua inapiga hata hatusikilizani. Kwato mbili nyeupe za mbele zilikuwa nje. Pua haikuonekana. Ndama akija vizuri, pua hulala juu ya miguu. Pua isipoonekana, kichwa kimegeukia nyuma, na hapo hata uvute na trekta hatoki. Utaua wote wawili.

Tulimpigia daktari wa mifugo. Alikuwa Mau Narok kwa ng'ombe mwingine, na barabara ilikuwa matope matupu. "Fanyeni mtakachoweza," akasema, "mimi mpaka jioni." Sukari hakuwa na mpaka jioni. Kibet akavua shati, akajipaka sabuni, akaingia. Nilitazama uso wake.

"Nimepata miguu. Nimepata kifua," akasema. "Kichwa hakuna."

"Kipo."

"Mathe, nakwambia hakuna!"

Sukari akapiga magoti, akalala ubavu, akaacha kulia. Mnajua ng'ombe anayezaa akinyamaza ni nini. Mama Wairimu alikuwa ameshika kichwa chake matopeni, anamwita Yesu na kuniita mimi, kwa zamu. "Daktari, tafadhali. Kidogo tu. Si ukiingiza mkono hii kitu huwa inatoka? Ingiza tu kidogo."

Nikafungua leso. Nikavua sweta. Niliingiza mkono wa kushoto kwenye beseni nikaupaka sabuni mpaka juu, na haukuuma hata kidogo. Ulikuwa na joto, mwepesi, mtiifu. Nilijua kabisa unanidanganya, kama ulivyonidanganya mara ya kwanza, na bado nilitaka kuuamini. Nilijiambia Mungu aniachie mkono huu kwa leo tu, kesho auchukue.

Kibet alikuwa amelala kifudifudi, mkono wake ndani mpaka begani. Akageuza shingo akaniona.

"Mathe, zii, hapana. Rudisha hiyo mkono kwa leso."

"Toka hapo, Kibet."

"Sitoki. Nilikuwa huko Nakuru, nilisikia kwa masikio yangu. Ukitaka kuingia, nivute miguu kwanza." Alikuwa anahema. "Wewe niambie tu. Ukifika hapa, huwa unashika nini?"

Nikafungua mdomo, na hakukuwa na neno. Nimetoa ndama waliogeuka namna hiyo mara nyingi, na sikuwahi kusema hata mara moja ninachofanya. Mkono wa ndani ulikwenda ukafanya, mimi nikangoja nje kama mkulima. Nikapiga kelele, "Shika kichwa!" na Kibet akajibu kwa kelele, "Kichwa gani?" na Mama Wairimu akaanza kulia kwa sauti. Niliogopa kuliko nilivyoogopa sindano yoyote.

Basi nikapiga magoti kando yake, nikafumba macho. Niliinua mkono wangu wa kulia, ule mjinga, hewani mbele yangu, nikauacha utembee mahali wa kushoto ungetembea.

"Usitafute kichwa," nikasema. "Kichwa wacha. Uko kifuani?"

"Eeh."

"Panda. Fuata shingo inakoenda. Na usiangalie ng'ombe, angalia ule ukuta."

"Shingo inapinda. Inaenda kushoto, nyuma."

"Basi amelalia ubavu wake. Ngoja, anasukuma. Usishindane naye, atakuvunja. Ngoja. Amepumzika? Sasa msukume ndama kwa kifua, mrudishe ndani, upate nafasi."

Alisukuma akiguna. "Sikio. Mathe, nimeshika sikio!"

"Wacha sikio. Teremka mpaka jicho. Umelipata? Libonyeze polepole."

Mvua tu.

"Kibet?"

"Haisongi."

"Bonyeza tena."

"Haiso... imesonga. Imepepesa! Iko hai, Mathe, iko hai!"

Nilimwambia anyamaze, kwa sababu nilitaka kulia na haikuwa saa yake. Nikamwambia aende pembeni mwa mdomo, aingize kidole, avute uso uje kidogo. Akipata pua, aifunike yote na kiganja kama kikombe, meno yasije yakachana tumbo la mama yake. Mkono wangu wa kulia ulipinda hewani, ukafunika pua isiyokuwepo. "Sasa sukuma kifua kwa mkono wako mwingine na ulete pua kwako. Akipumzika tu. Sasa. Lete. Lete." Sukari alisukuma huku mkono wa Kibet ukiwa bado umebanwa ndani; kijana akapiga yowe, lakini hakuutoa. Kisha mwili wake wote ukalegea, akasema kwa sauti ndogo sana, "Imegeuka."

Kamba tulifunga juu ya vifundo vya miguu, yeye na Mama Wairimu wakavuta mguu huu kisha huu, kuelekea chini, mimi nikiwahesabia pumzi za Sukari. Ndama alitoka akamwagika, wa kike, kimya. Nikachuma unyasi nikamtia puani, nikautembeza. Hakuna. Nikautia tena. Akapiga chafya, akatikisa masikio, akatutazama kana kwamba sisi ndio tumechelewa. Mama Wairimu aliketi palepale matopeni na leso yangu mkononi, akaimba ubeti mzima wa pambio, sauti imemtoka.

Mkono wangu wa kushoto ulikuwa umekaukiwa na sabuni. Haukuwa umeguswa. Nilifurahi, na nitasema lililokuwepo: nilimwonea Kibet wivu pia, kidogo, kisha ukapita. Kano haikukatika siku hiyo wala baadaye. Haiinui blanketi, mliona wenyewe. Lakini nywele najichana, na binti yangu amepumzika.

Mvua ilipopungua Mama Wairimu alileta chai. Kibet alikuwa ameshanawa na kuvaa shati. Alizungusha bega lake la kushoto mara moja, taratibu, akakunja uso alipodhani simwoni. Kisha akachukua kikombe kwa mkono wa kulia, akachomeka kidole gumba cha kushoto kwenye mshipi, akasimama pale anamtazama ndama. Alipendeza. Alionekana mtu aliyemaliza kazi. Nikaweka kikombe changu chini.

"Bega lina nini?" nikamuuliza.

"Ah, ni kawaida tu, Mathe."

"Tangu lini?"

"Si ya leo. Kuna ng'ombe ilinikalia huko Ndabibi." Akacheka. "Na ilikuwa mpole sana."

Nyinyi mnaosoma hapa, wengi wenu nimewaona pale getini, mmesimama hivyo hivyo. Sikujua ni nani anaiga na ni nani anaumwa, na pengine hata nyinyi hamjui. Nilimsogelea Kibet nikakishika kile kidole, nikakitoa kwenye mshipi mwenyewe, kama mtu anayemtoa mtoto mkono kwenye moto.

"Kesho tunaenda Nakuru," nikasema. "Safari hii mimi ndiye nitakushika mkono."

"Kesho haiwezekani. Niko na ng'ombe tatu asubuhi."

"Hata mimi nilikuwa nao," nikamwambia. "Kila asubuhi."